Folda ya familia bila bando: Namna kompyuta za nyumba moja zinavyoweza kusomana

Katika steshenari nyingi za Lushoto mjini, kama ilivyo Soni, Mlalo na Bumbuli, kazi ya siku nzima hupita ndani ya flashi moja. Mwanafunzi analeta ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Katibu wa kikoba analeta katiba ya kikundi. Mama analeta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitolewe kopi. Flashi inachomekwa kompyuta ya mbele, inachomolewa, inapelekwa ya nyuma yenye printa, inarudi. Jioni inaingia nyumbani ikiwa na picha za harusi ya shangazi na virusi vya wateja watatu.

Siku flashi hiyo inapokufa ndipo hugundulika kilichokuwa humo tu na si kwingine: hesabu za duka, hati ya mauziano ya shamba iliyoskaniwa, utafiti wa binti aliye mwaka wa mwisho chuoni. Fundi anaweza kujaribu, lakini mara nyingi hakuna cha kurudisha.

Njia ya kuachana na mzunguko huo ipo, na haihitaji mtambo wa gharama. Kompyuta zilizo chini ya paa moja zinaweza kusomana faili moja kwa moja, zikitumia folda moja ya pamoja. Kinachotakiwa ni ruta ya kawaida, ile inayotoa Wi-Fi, na nusu siku ya uvumilivu.

Barabara ya Mombo na mlango wa jikoni

Jambo ambalo watu wengi hawaliamini kwa urahisi ni kwamba folda ya pamoja haili bando. Ruta hupitisha faili kati ya mashine mbili za ndani hata kama laini yake haina salio. Intaneti ni barabara ya kushuka Mombo, kilomita 33 za kona. Folda ya pamoja ni kutoka sebuleni kwenda jikoni, na anayekwenda jikoni hana haja ya kupita Mombo.

Angalia kinachotokea mtu anapojitumia video ya gigabaiti moja kwa barua pepe au mtandao wa kijamii ili aifungue kwenye kompyuta ya chumba cha pili. Video hupanda hadi kwenye seva zilizo mbali, kisha hushuka tena. Familia imelipia gigabaiti mbili kwa safari ya hatua kumi. Kwa waya wa ruta ya kawaida wenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, video hiyo huhama kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, bila gharama.

Waya, kwa kweli, ni bora kuliko Wi-Fi pale unapowezekana. Kuta nene hula mawimbi, na nyumba za Usambara zilizojengwa kwenye miteremko mara nyingi zina chumba kimoja juu na kingine chini ya ukingo. Waya wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100. Tahadhari moja tu: waya unaopita nje, kutoka dukani hadi nyumba ya pili, uchomolewe pande zote mbili radi zinapoanza. Masika yana radi za kutosha kuunguza ruta na kompyuta kwa pigo moja.

Mifumo yenye lugha tofauti

Ugumu huanza pale kompyuta zinapokuwa za mifumo tofauti. Chukua mfano wa familia yenye duka: dukani kuna kompyuta ya mezani yenye Windows, binti amerudi na laptopu ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, mjomba aliye nje amewaachia Mac yake ya zamani, na kila mtu ana simu ya Android. Zote zinaona Wi-Fi moja, lakini kuonana huko hakutoshi.

Lugha mbili ndizo zilizotawala kazi hii kwa miaka 40. Ya kwanza ni SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza ndani ya Windows. Ya pili ni NFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984 kwa ajili ya mashine za Unix, ambayo Linux ni jamaa yake.

Kwa muda mrefu pande hizo mbili hazikuelewana. Kisha, kati ya mwaka 1991 na 1992, mwanafunzi wa Australia aitwaye Andrew Tridgell alikaa akisikiliza mazungumzo ya mashine kwenye waya, akayaiga hadi kompyuta ya Unix ikaweza kujibu kama mwenzake. Alipohitaji jina la programu yake, alitafuta kwenye orodha ya maneno ya kompyuta neno lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Akapata Samba. Wenyeji wa Usambara wanaweza kutabasamu, kwa kuwa jina hilo limo lote ndani ya jina la milima yao, ingawa halikutoka huku.

Programu ya Samba bado ni ya bure, na ndiyo inayoiwezesha Linux kuzungumza na Windows. Mac nazo hutumia SMB kama lugha yao ya kwanza tangu mwaka 2013, na simu za Android huifungua kwa programu nyingi za kusimamia faili. Kwa hiyo familia yenye mchanganyiko isiumize kichwa: ichague SMB.

NFS ni nyepesi na nzuri pale mashine zote zinapokuwa za Linux, ila ina tabia mbili zinazowachanganya watu. Katika matumizi yake ya kawaida humtambua mtu kwa namba, wala haiangalii jina. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu hupewa namba 1000, hivyo kama binti ni 1000 kwenye laptopu yake na kaka ni 1000 kwenye yake, kwa NFS hao ni mtu mmoja. Pili, mashine mwenyeji ikizimika, nyingine huganda zikiisubiri. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, kuganda huko si jambo dogo.

Nani awe mwenyeji

Mashine moja lazima iwe mwenyeji, yaani inayotunza faili ambazo wengine watazijia. Wengi huchagua kompyuta ya mezani kwa sababu ni kubwa. Laptopu ya zamani yenye betri inayoshika hata dakika 30 ni chaguo bora zaidi. Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, ya mezani huzimika papo hapo na faili inaweza kuharibika, ilhali laptopu inaendelea. Iwekwe mahali pakavu, si kwenye sakafu ya saruji, maana ukungu wa Juni na Julai huacha unyevu hata ndani ya droo.

Mwenyeji apewe anwani isiyobadilika. Ruta hugawa anwani kwa kila mashine inayowaka, na baada ya umeme kukatika na kurudi inaweza kugawa upya. Jana mwenyeji alikuwa 192.168.1.10, leo ni 192.168.1.14, na njia yote iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya duka inaelekea nyumba isiyo na mtu. Ndani ya mipangilio ya ruta kuna sehemu ya kuitengea mashine anwani yake ya kudumu. Ni kazi ya dakika tano, na huondoa lalamiko la "jana ilikuwa inafungua".

Baada ya hapo, folda inatengenezwa, inashirikishwa, na kila mwanafamilia anapewa jina na nywila yake. Kwenye Windows mtu hufungua dirisha la faili na kuandika \\192.168.1.10\duka kwenye mstari wa juu. Kwenye Ubuntu na Mac huandikwa smb://192.168.1.10/duka. Mikwaju ya Windows inalala upande wake, ya wengine upande mwingine. Kosa la mkwaju limewapotezea watu jioni nzima.

Inapogoma

Folda itagoma. Fundi mzuri haanzi kwa kufuta na kuweka upya. Huuliza maswali kuanzia chini kwenda juu. Mwenyeji amewashwa, na hajalala? Laptopu nyingi hujilaza zenyewe baada ya dakika kadhaa, na mpangilio huo lazima uzimwe. Mashine zote ziko kwenye Wi-Fi moja? Simu inaweza kuwa imerukia data ya laini, au mtu ameunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida huwazuia waliomo kuziona mashine za ndani. Amri ya ping ikifuatiwa na anwani ya mwenyeji itajibu kama njia ipo.

Njia ikiwepo na folda bado haionekani, jaribu kwa anwani badala ya jina la kompyuta. Ikifunguka kwa anwani, tatizo ni majina tu. Isipofunguka kabisa kwenye Windows, tazama kama mtandao umewekwa kuwa wa faragha au wa umma. Windows inapodhani iko kwenye mtandao wa umma, kama wa hotelini, hujifunika na kukataa wageni. Kwa mtandao wa nyumbani, ubadilishwe kuwa wa faragha na ruhusa ya kushirikisha faili iwashwe.

Tatizo linalosumbua kuliko yote ni nywila. Mtu amezoea kuwasha kompyuta yake kwa PIN ya tarakimu nne, basi folda ikimwomba nywila anaandika PIN hiyohiyo. Inakataa. Anarudia mara sita, kisha anatangaza kuwa mfumo ni mbovu. PIN ya Windows ni ya mashine hiyo moja tu na haivuki mtandao. Inayotakiwa ni nywila ya akaunti iliyo kwenye mwenyeji. Vivyo hivyo akaunti ya Windows isiyo na nywila: kwa kawaida haikubaliwi kuingia kupitia mtandao. Na kama mwenyeji ni Ubuntu, nywila ya Samba huwekwa peke yake kwa amri ya smbpasswd, hata kama mtu tayari ana nywila ya kuwashia.

Wapo wanaokwepa yote hayo kwa kuacha folda wazi bila nywila. Ujanja huo unazidi kufungwa. Windows 11 Pro, kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, haikubali tena kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni asiyejitambulisha, labda mtu abadilishe mipangilio yake. Familia nyingi zitakuja kusema kompyuta mpya ni mbovu wakati imekataa tu mlango usio na kufuli.

Kompyuta ya zamani ya Windows XP, ambayo bado ipo kwenye kona za maduka, inajua toleo la kwanza tu la SMB. Windows mpya na Samba mpya zimelizima toleo hilo, na sababu ni nzito. Tarehe 12 Mei, 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilipitia udhaifu wa toleo hilo, ikafunga mafaili ya hospitali nyingi za Uingereza na ya kompyuta katika nchi zipatazo 150, kisha ikadai fedha. Fundi anayeshauri kuliwasha tena ili XP ya duka isomeke anafungua mlango huohuo. XP ibaki ya kuchapia barua, nje ya mtandao.

Yako pia mambo madogo ya majina. Kwa Linux, Wosia.docx na wosia.docx ni faili mbili tofauti. Windows huziona kama jina moja, na mtu anaweza kufungua ya zamani akidhani ni mpya. Faili iliyopewa jina lenye alama ya kuuliza au nukta mbili kwenye Ubuntu huonekana dukani kwa herufi zisizosomeka. Majina mafupi, ya herufi na tarakimu, bila mbwembwe, huvuka mifumo yote.

Halafu kuna kufuli la mzimu. Watu wawili wakifungua waraka mmoja, wa pili huambiwa unatumika. Umeme ukikatika waraka ukiwa wazi, LibreOffice huacha faili ndogo iliyofichika yenye jina linaloanza na .~lock, na Word huacha yake inayoanza na ~$. Kesho yake mama dukani anaambiwa waraka wa hesabu unatumika na binti, ambaye ameshapanda basi la kwenda Tanga. Baada ya kuhakikisha hakuna aliyeufungua, faili hiyo ndogo ifutwe, na waraka utafunguka.

Nani afute?

Mambo ya waya na nywila fundi anaweza kuyamaliza kwa siku moja. Ruhusa ni suala la familia, na fundi hana mamlaka ya kuliamua.

Kompyuta huuliza maswali matatu: nani asome, nani aandike, nani afute. Familia nyingi hujibu "wote, yote", kwa sababu kumnyima mtu kunaonekana kama kumtuhumu. Kisha mtoto wa darasa la nne anasafisha folda ili apate nafasi ya michezo. Hapo ndipo watu hujifunza jambo ambalo Windows hailitangazi: faili iliyofutwa kwenye folda ya mtandao haiendi kwenye kapu la takataka kama zile za kwenye mashine yenyewe. Inaondoka moja kwa moja. Samba ina kipengele cha kutunza vilivyofutwa, lakini lazima mtu akiwashe mwenyewe.

Mpangilio unaofaa nyumba nyingi ni folda tatu. Ya duka, wanaoandika ni wale wanaofanya kazi dukani. Ya picha, wote wasome, na wawili waongeze. Ya nyaraka, yenye hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, matokeo ya shule na wosia, wengi wasome na mmoja au wawili tu waandike. Kama wosia wenyewe haujafikia kusomwa, usiwekwe humo.

Ruhusa zina milango miwili: ule wa mtandao na ule wa folda yenyewe kwenye diski. Mtu aliyeruhusiwa kuandika kwenye mlango wa kwanza na kunyimwa kwenye wa pili ataweza kusoma tu, kwa kuwa ulio mkali ndio unaoshinda. Ujumbe wa "huna ruhusa" ukitokea baada ya nywila kukubaliwa, mara nyingi ni mlango wa pili uliosahaulika.

Wenye steshenari wana mzigo wa ziada. Kitambulisho cha mteja kilichoskaniwa ili kitolewe kopi si mali ya familia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za watu zitunzwe kwa uangalifu. Kazi za wateja zikae kwenye folda yake, mbali na za nyumbani, na zifutwe kazi ikiisha. Mteja anayeomba Wi-Fi apewe ile ya wageni.

Nakala ya pili

Folda ya pamoja si akiba. Watu watano wanaisoma, lakini faili ni moja, kwenye diski moja. Programu haribifu ikiingia kwenye kompyuta ya duka, hupitia folda hiyo na kufunga kila inachoruhusiwa kuandika.

Milima hii ina mfano wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani Carl Holst alikusanya mimea mingi ya Usambara, na vielelezo vyake vikapelekwa Berlin, ambako Adolf Engler na wenzake waliviandika na kuvipa majina. Usiku wa tarehe 1 Machi, 1943 mabomu yaliunguza jumba la vielelezo la Berlin, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikawa majivu. Wataalamu wa leo bado wanaweza kuichunguza baadhi ya mimea ya Holst kwa sababu moja: nakala za matawi yaleyale zilikuwa zimeshagawiwa kwa majumba mengine, likiwemo la Kew huko London.

Kwa familia, Kew inaweza kuwa diski ya nje inayochomekwa kila Jumapili, ikanakili folda ya nyaraka na ya duka, kisha ikachomolewa na kufungiwa kabatini. Kuchomolewa ndiko kunakoilinda. Inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na nyingine. Nakala nyingine ya nyaraka muhimu tu, ambazo kwa kawaida hazizidi megabaiti mia chache, iende kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Mara moja kwa miezi kadhaa mtu afungue faili mbili tatu kutoka kwenye diski hiyo aone kama zinasomeka. Na kama mwenyeji ni mashine ya zamani, saa yake itazamwe: betri yake ndogo ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na programu ya kunakili inaweza kudhani faili mpya ni ya zamani na kuiruka.

Linabaki suala la nywila ya mwenyeji. Katika nyumba nyingi inajulikana na mtu mmoja, baba au kijana aliyeiweka. Akifariki, au akihamia Dar es Salaam na kubadilisha namba ya simu, hati zote zimo humo na hakuna anayeingia. Iandikwe kwenye karatasi, ifungwe kwenye bahasha na kuwekwa pale panapokaa hati halisi ya shamba, watu wawili wakijua. Ikibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe siku hiyohiyo.